Watu wa Kiwanja Namba Kumi na Saba

Mtaani walimwita Mama Mita, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alipita nyumba kwa nyumba, kila mwezi, akisoma mita za maji, akiwa na kofia yake ya kitambaa, tochi ndogo na ndoano ya chuma ya kuinulia vifuniko. Mbwa walishamzoea. Alijua nani kahama, nani kajifungua, nani kakosana na mkewe akahamia chumba cha uani. Watu wakiongezeka namba za mita zinakimbia, wakipungua zinatambaa, na yeye alizisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Siasa hazikuwa zake. Mwenye siasa alikuwa mdogo wake, fundi cherehani, ambaye mwaka ule wa uchaguzi wa madiwani alikuwa wakala wa Chama cha Ufunguo. Kibanda chake kilijaa fulana za chama hadi nguo za wateja zikakosa pa kutundikwa.

Zilipobaki wiki mbili, daftari la wapiga kura lilibandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi. Mama Mita alikuwa anapita kazini, akasikia zogo, akajipenyeza mbele. Majina mia tatu na arobaini yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu, na yote yaliandikishwa mahali pamoja: kiwanja namba kumi na saba. Chama cha Ngazi, kilichokuwa kimeshikilia kiti cha udiwani, kilikuwa kimeweka pingamizi. Kwenye ramani ya mji, walisema, kiwanja hicho ni ghala la sabuni, na ghalani hakukai watu. Basi hao ni wapiga kura hewa, wamepandikizwa na Ufunguo. Watu wa Ufunguo nao wakaja juu: huo ni wizi wa mchana kweupe, raia wananyang'anywa kura. Kufika adhuhuri majirani waliokuwa wakiazimana chumvi hawakuwa wakiamkiana tena.

Mama Mita alirudia kusoma majina yale. Ghala lile alilijua vizuri kuliko wachora ramani. Sabuni ilikoma miaka tisa nyuma. Mwenye ghala alilikata kwa mbao na mabati, vikapatikana vyumba tisini na sita, vyote vikitegemea mita moja pale langoni. Humo waliishi wauza viatu, walinzi, wasusi, na kundi kubwa la wafanyakazi wa kiwanda cha mikate. Mwezi uliopita mita ile ilikuwa imesoma uniti mia sita na kumi, wakati nyumba ya familia moja haivuki ishirini.

Tangazo chini ya majina lilikuwa wazi. Kila aliyekatwa afike mwenyewe katika ukumbi wa shule, Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni, na pia aletwe shahidi wa kuthibitisha kwamba kiwanja kinakaliwa. Vinginevyo majina yangebaki yamekatwa.

Jioni hiyo mdogo wake alifika kwake. Aliposikia kwamba dada yake yuko tayari kutoa ushahidi, alimkumbatia, akacheza kidogo katikati ya viti. Mama Mita akamsubiri atulie.

"Kuna na kiwanja kumi na tisa," akamwambia. "Nimeona majina ishirini na matatu, hayana hata mstari."

Fundi akaketi. "Dada, hao waache."

"Ni kina nani?"

"Ni watu wetu. Wanakaa upande wa pili wa mji, ila wanatuunga mkono."

"Nyumba ile paa lake limeanguka miaka miwili sasa. Mita yake haijasogea hata nukta."

"Hakuna atakayekuuliza."

"Nikiulizwa nitasema, mdogo wangu."

Fundi hakumaliza chai yake. Alichukua kofia, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi Mama Mita alimwomba ruhusa mkubwa wake wa kazi, ambaye alifikiri kidogo akasema kwamba uniti za maji hazijawahi kuwa siri, aende na daftari lake. Saa tatu asubuhi foleni ilikuwa imezunguka uwanja wa shule. Watu wa ghala walikuja kama wanakwenda harusini: mashati yamepigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta. Bibi wa chumba cha kona, ambaye miguu ilishamkataa, aliletwa juu ya mkokoteni uliosukumwa na wauza viatu wawili, akiwaelekeza pa kukata kona na kuwagombeza kila walipopita kwenye shimo.

Ndani ya ukumbi afisa wa uchaguzi, mwanamama mwenye sauti ya chini, alimwapisha Mama Mita. Mama Mita akafungua daftari lake la mita, akasoma mwezi baada ya mwezi. Kisha akainuka wakala wa Ngazi, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha nusu ya watu waliokuwa pale, akavaa miwani yake taratibu.

"Umesema mita inaonyesha palipo na watu," alisema. "Sasa tuambie ukweli wote. Kuna kiwanja chochote mtaani humu chenye wapiga kura lakini hakina matumizi ya maji?"

Mama Mita alimwona mdogo wake amesimama mlangoni. Angeweza kujifanya hakuelewa swali.

"Kipo," akasema. "Kumi na tisa. Hakuna anayeishi pale."

Upande wa Ngazi walishangilia, upande wa Ufunguo wakaguna kwa pamoja, na mtu mmoja nyuma akamwita msaliti. Afisa aligonga meza. Akatamka kwamba kiwanja kumi na saba kinakaliwa, na kila atakayefika mwenyewe kwa wakati atarudishiwa jina. Wa kumi na tisa nao waitwe wafike kabla ya saa kumi ile ile. Hakufika hata mmoja.

Mama Mita alitoka nje akadhani kazi imekwisha. Saa tisa na robo bibi wa chumba cha kona akamwita kutoka kwenye mkokoteni, akamuuliza wale wa mikate wako wapi. Zamu ya kiwanda ilikuwa inatoka saa tisa na nusu, na kutoka kule hadi shuleni ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Watu hamsini na wawili wangefika lango limefungwa.

Gari pekee lililokuwa karibu ni pikapu ya Ufunguo, yenye spika juu, na ufunguo wa pikapu alikuwa nao mdogo wake. Alimkuta ameegemea mlango wa gari, uso umefura.

"Umeniaibisha mbele ya mtaa mzima," fundi alisema.

"Nimekuaibisha, ndiyo. Twende tuwafuate wa mikate."

"Niende na wewe?"

"Hao ni watu wa kweli, mdogo wangu. Unawajua. Umewashonea sare."

Fundi aliangalia saa, akaangalia foleni, akatukana kidogo bila kumtaja mtu, akapanda. Walikwenda kwa kasi ambayo Mama Mita hajawahi kuizungumzia mbele ya mumewe. Zamu ilikuwa ndiyo inatoka. Fundi akashika kipaza sauti, na badala ya kutangaza mgombea akasoma majina kutoka kwenye orodha, moja moja, kwa sauti ya kupasua anga. Watu wakaja mbio wakiwa na unga kwenye nyusi. Pikapu ilibeba ilivyoweza, safari mbili, na waliobaki wakakata njia kwa miguu kupitia nyuma ya karakana, wakikimbia na kucheka kama wanafunzi waliochelewa kengele.

Safari ya pili iliingia shuleni zimebaki dakika nne. Mlinzi alikuwa tayari ameshika komeo. Waliokuja kwa miguu walitokea kona huku watu wa ghala wakiwapigia makofi, na Mama Mita amesimama kwenye lango, bega lake likizuia lisifungwe. Saa kumi kamili afisa alitoka nje mwenyewe, akawahesabu, akasema aliyevuka lango amefika. Walirudishwa mia tatu na ishirini na wanane. Kumi na wawili waliobaki walikuwa wamesafiri nje ya mji, na hilo lilimuuma Mama Mita siku nyingi.

Siku ya kura foleni ilianza kabla ya jua. Matokeo yalitangazwa kesho yake asubuhi uwanjani, watu wameshika redio na roho zao mikononi. Ngazi ilishinda, kwa kura thelathini na moja.

Kwanza hakuna aliyeamini. Kisha mawakala wakasoma hesabu za kila kituo, na uwanja mzima ukapigwa butwaa: kura zilizoipa Ngazi ushindi zilitoka kituo cha watu wa ghala. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamempigia mgombea wa Ngazi, muuguzi wa zahanati, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwatibu watoto wao. Mwalimu mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Muuza viatu mmoja akawa anacheka peke yake.

"Vyama vyote viwili vilikuwa na uhakika sisi ni wa nani," alimwambia Mama Mita. "Hakuna aliyekuja kutuuliza."

Siku ya tatu, mchana, fundi aliingia kwa dada yake bila kubisha hodi. Wakubwa wa Ufunguo walikuwa wamemwita ofisini. Walikuwa wanataka kwenda mahakamani kupinga matokeo, na hoja yao ilikuwa kwamba kiwanja namba kumi na saba ni ghala la sabuni. Walimwekea karatasi asaini kama shahidi.

"Ukafanyaje?" Mama Mita aliuliza.

"Nikawaambia mimi mwenyewe ndiye niliyewabeba watu wa ghala kwenye pikapu yao." Akavuta kiti, akakaa. "Wamenivua uwakala. Kuna chakula humu ndani, au nacho umekila peke yako?"