Umande wa Grini ya Saba

Usiniambie niliota. Anayeota hasikii baridi, na asubuhi ile vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi juu ya ufito wa mianzi. Ninatunza majani ya uwanja wa gofu hapa Kolwezi, na nilichokiona nilikiona kwa macho haya, jua likikaribia kuchomoza.

Kwanza uielewe kazi yenyewe. Wakati wa mvua majani hukua kama yanatukimbia. Ukikata leo, kesho yamerudi. Kiangazi kikifika, vumbi la migodi hutua juu ya kila kitu, nasi tunapigania grini tu, vile viwanja vidogo vya majani mafupi penye mashimo ya bendera. Kila alfajiri, kabla ya wachezaji kuja, ninapangusa umande kwa ufito mrefu ili majani yasishikwe na ugonjwa. Umande haufichi kitu. Paka akipita, ninajua. Mlinzi akikata njia, ninauona mstari wa viatu vyake.

Kiangazi kile grini ya saba ilikauka. Tuliinywesha, ikazidi kukauka. Maji yalizama kama kuna kinywa chini. Je, tulishtuka? Hata kidogo. Wakati wa mvua mahali palepale palikuwa pamebonyea, tukajaza udongo wa kichuguu, tukapanda majani, tukapitisha rola mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. Ndivyo tulivyozoea: pakibonyea, jaza. Basi mkuu wa uwanja, aliyekuwa na mashindano Jumapili, akaamuru maji yaachwe wazi asubuhi nzima.

Nikafungua robine ya maji, mpira wake ukaanza kumwaga ukingoni mwa grini, pale palipokauka zaidi. Nikaendelea na umande upande wa pili. Nilipogeuka, kijana alikuwa amesimama penye bendera. Shati la bluu lililochanika mkono mmoja, taa kichwani, tope jekundu hadi kifuani. Alikuwa amelowa chapachapa, na mvua ya mwisho tulikuwa tumeshaisahau.

"Tata," akasema taratibu, kama mwana kwa baba, "majani yako ni mazuri. Funga mayi."

"Weye ni nani? Umepita wapi?"

"Funga mayi, tata. Bandugu yangu beko chini."

Akatazama miguuni pake. Nami nikatazama. Niamini: umande ulikuwa mzima kumzunguka, mweupe, bila alama hata ya kidole. Nilipoinua macho, bendera ilikuwa peke yake.

Ungefanya nini? Mimi nilikimbilia robine, nikafunga maji.

Saleh, mwenzangu anayeangalia pampu, akaja akifoka. Ndugu zake wote ni watu wa malori. Yeye peke yake alichagua maji, na maji yake hayaguswi.

"We! Patron atatufukuza bote! Nani alikuambia ufunge?"

"Mutu mumoja alisema batu beko chini."

"Mutu gani? Umeshakunywa lutuku asubuhi yote hii?"

Nikang'oa bendera, nikalala kifudifudi, sikio kwenye shimo lake.

"Njo unaiombea grini sasa?" Saleh akacheka. Kisha akauona uso wangu, naye akalala. Chini kabisa, chuma kiligonga jiwe. Halafu mtu akakohoa.

Tulikimbia hadi nyuma ya mikaratusi, nje ya ukuta, ambako vijana huchimba madini kwa siri, tukakuta mdomo wa shimo la wachimbaji umefunikwa kwa turubai. Saleh aliita mpaka sauti ikamkauka. Wakapanda mmoja mmoja, wamelowa hadi kiunoni, macho meupe ndani ya tope. Wa mwisho alipokuwa ametoa magoti nje, ardhi iliguna nyuma yetu. Grini ya saba ilikuwa imezama.

Walikuwa wakicheka kwa kutetemeka, wakishikana mabega. Nikawauliza yuko wapi mwenzao wa shati la bluu, yule aliyepanda kuniita. Nikawaeleza ule mkono uliochanika.

Kicheko kikakatika. Mkubwa wao akakaa chini.

"Huyo ni Ilunga, tata. Alibakia mule wakati ya mvua, udongo ilimwangukia. Tuliogopa balinzi, hatukusema."

Wakati wa mvua. Rola yetu, udongo wetu wa kichuguu. Majani yako ni mazuri, alikuwa ameniambia, na sasa nilijua alikuwa akiyatazama kutoka upande gani.

Hawakuweza kumtoa, ardhi ile haishiki. Mama yake alikuja kutoka Kisenge, akasimama ukingoni mwa bonde lile, akaniomba jambo moja tu: nisikate tena majani ya pale. Bendera ya saba tumeihamisha. Wachezaji wakiona majani yamefika magotini hudhani mimi ni mvivu, nami nawaacha wadhani. Kiangazi kikikausha uwanja wote, pale pamebaki kijani kibichi. Hakuna anayepanywesha, Saleh ameshaapa mbele yangu. Kila alfajiri nikifika hapo nainua ufito wangu, nauacha umande ulivyo.

Nawe unayekaa mji huu, ambako watu huchimba hata chini ya vyumba vyao, nisikilize. Ardhi ikibonyea uani kwako, usikimbilie koleo. Lala kwanza chini, uweke sikio.