Sawa Sawa ya Hatta: Kwa Baiskeli Hadi Juu ya Bwawa

Nalongo alikuwa anarudi kwao Uganda Jumapili, moja kwa moja, na shughuli ya baiskeli tulikuwa hatujaimaliza. Hilo ndilo lililotupeleka Hatta. Wenzangu wa hotelini waliosema tumekwenda kupiga picha tu, basi wasome hapa wanyamaze.

Mimi naitwa Kabula, mtoto wa Shinyanga. Kwetu baiskeli hubeba mkaa, hubeba mgonjwa, hubeba hata bibi harusi, na mwanamke akiipanda hakuna anayegeuka kumtazama. Hapa Dubai natandika vitanda kwenye hoteli ya Al Rigga. Nalongo alikuwa akifanya kazi za ndani kwa madam mmoja wa Al Baraha, na kila Ijumaa tulikutana kula na kuteta. Nalongo si jina lake, ni heshima ya kwao kwa mama aliyejifungua pacha. Pacha wake wawili, wasichana, wameshakuwa wakubwa huko Masaka na wote wanaendesha baiskeli kwenda shule. Yeye utotoni alikatazwa, akaambiwa msichana hapandi baiskeli.

"Watoto wangu wanajua, mimi mama yao sijui," aliniambia siku moja. "Nitarudi hivi hivi?"

Nikasema harudi hivi hivi, labda mimi nisiwe Msukuma. Nikaazima baiskeli kwa fundi cherehani mmoja wa Satwa, nikawa namfundisha kila Ijumaa kwenye kiwanja cha kuegesha magari nyuma ya maduka. Alikuwa mzito wa kujifunza, lakini kichwa chake ni kigumu kuliko changu, na hilo si jambo dogo. Akaweza. Kisha siku moja gari kubwa likampigia honi kwa nyuma, akastuka, akaanguka chini puu. Akainuka anapangusa vumbi.

"Mimi na gari, khalas, basi," akasema. "Nitapanda mahali hakuna gari, ama sipandi kabisa."

Sasa niambieni, Dubai hii, mahali pasipo na gari ni wapi? Nikauliza huku na huko hadi mlinzi mmoja wa hotelini akaniambia kuhusu Hatta: bonde lililoko juu milimani, nalo ni Dubai hiyo hiyo, lenye njia zilizochongwa kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu tu. Hata pikipiki haikanyagi. Ukipanda mpaka mwisho unaliona bwawa la maji chini yako.

Nikampelekea Nalongo habari hizo. Akafikiri kidogo, akasema, "Nikifika juu kwa kukanyaga, watoto nitawaambia. Nikikokota, hiyo nitanyamaza nayo mpaka kufa."

Ijumaa alfajiri, Deira. Madam alikuwa amempa ruhusa mpaka magharibi. Tulipanda basi la Hatta tukiwa na chapati za mayai alizozikunja Nalongo kwenye karatasi, na chupa mbili za maji. Mji ulituacha taratibu. Mchanga ukawa mwekundu, ngamia wakaonekana nyuma ya uzio, kisha milima ikatokea. Nalongo aliitazama ile milima akashika kiti cha mbele.

"Ni hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Bambi," akasema, yaani masikini, na hakukiachia kile kiti mpaka tuliposhuka.

Asubuhi, Hatta. Baridi ya Januari kule juu si ya mchezo, nilijuta kuacha sweta. Milima ya Hatta haina nyasi, haina miti, imesimama mitupu, rangi ya kahawa iliyoungua. Chini bondeni ndiko kwenye mitende na nyumba. Tulikodi baiskeli kwa Mpathani mmoja, mtu wa Pakistani, mzee wa makamo mwenye ndevu za hina, ambaye kila mtu alimwita Khan. Kiingereza hana, Kiswahili hana. Ana kile Kiarabu cha kazini ambacho watu wa mataifa yote hapa hukivunja pamoja. Nalongo anakijua, amekisikia jikoni kwa madam miaka yote. Mimi hotelini tunazungumza Kiingereza. Kiarabu changu ni yalla, khalas na inshallah, basi.

Khan alitueleza njia kwa mikono. Njia ya nguzo za kijani inafuata bonde na kuzunguka mlima polepole. Ya nguzo nyekundu inakwea mgongo wa mlima kwa kona kali. Zote zinaishia juu. Mimi kichwani nikapanga zangu: Nalongo apite kijani, mimi nipite nyekundu, tukutane kileleni. Nikamwonyesha Khan vidole viwili, nikavitenganisha, kimoja huku, kimoja kule.

Khan akatikisa kichwa. Akavinyoosha vidole vyake viwili vya shahada, akavibandika ubavu kwa ubavu. "Inti, hiya, sawa sawa."

Nikaelewa kwamba njia zinaungana huko mbele, na kwamba mpango wangu ni sawa. Nikamwinulia dole gumba. "Sawa sawa!"

Khan akafurahi. Nalongo, aliyekuwa anahangaika kuvaa kofia ngumu juu ya kitambaa chake, naye akafurahi. Tukaondoka sote tukiwa na furaha, kila mtu na yake.

Bondeni. Kipande hiki cha kwanza nitakikumbuka. Njia imepita kando ya mitende na mfereji wa maji wa zamani, kokoto zinalia chini ya tairi, na mbuzi wamesimama kwenye miamba utadhani wamegundishwa. Nalongo alikuwa mbele yangu. Kila baada ya muda aligeuka kutazama nyuma, kwa mazoea, akakuta ni mimi tu.

"Hakuna gari!" akapiga kelele.

"Hakuna!"

"Hakuna kabisa!" Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwao, kwa Kiganda, akikosa pumzi kila mstari.

Tukafika njia panda. Nikampita, nikanyoosha mkono kushoto kumwonyesha nguzo za kijani. "Sawa sawa, Nalongo?"

"Sawa sawa!" akajibu.

Nikashika nyekundu. Mlima ule ni mlima. Nilikanyaga nimesimama, nikatukana kimoyomoyo kwa Kisukuma, miguu ikawaka moto, lakini sikushuka. Nilipofika juu jua lilikuwa limepanda, na bwawa lile hapo chini, maji ya kijani katikati ya mawe makavu. Nikaketi kumsubiri mwenzangu. Njia ya kijani ilionekana yote kutoka pale, imejizungusha mlimani, na haikuwa na mtu.

Nikasubiri. Haikuwa na mtu bado. Simu yake ilikuwa haipatikani. Hapo ndipo nilipotazama baiskeli yangu nikaona chupa zote mbili za maji ziko kwangu. Nikashuka na njia ya kijani nikiita jina lake kila kona, mbuzi wananitazama, hadi nikatokea tena kule panda. Khan alikuwa amesimama pale na baiskeli yake, anakagua nguzo.

"Wen rafiq?" akaniuliza.

Hilo la rafiq halikuhitaji mkalimani, aliuliza mwenzangu yuko wapi. Nikatikisa kichwa, mikono nje. Khan akakunja uso. Akaviunganisha tena vile vidole vyake, akavigonganisha kwa nguvu mbele ya macho yangu, akaninyooshea mimi, kisha akanyooshea mahali patupu pembeni yangu. "Sawa sawa! Inti, hiya, sawa sawa!"

Loo! Kumbe. Kwetu sawa sawa ni haya, hewala, tumekubaliana. Kwa Kiarabu kile cha kazini ni pamoja. Yule mzee alikuwa ananiambia wewe na huyu, pamoja, msiachane, kidole kimoja hakivunji chawa, nami nikamjibu kwa dole gumba kisha nikamwacha mwenzangu. Na Nalongo, mwenye Kiarabu chake cha jikoni, alikuwa amesikia pamoja mwanzo mpaka mwisho. Kule panda, nilipopaza sauti sawa sawa, aliitikia pamoja. Alikuwa amenifuata kwenye nyekundu.

Nikapanda ule mlima mara ya pili. Miguu ilikuwa imekwisha, ila hofu nayo ina nguvu zake.

Kona ya tatu. Nalongo alikuwa amechuchumaa njiani, suruali imechanika gotini, mnyororo umetoka, mikono myeusi kwa grisi. Midomo ilikuwa imekauka. Nikampa maji. Akanywa chupa nzima kabla ya kusema neno.

"Uliniambia sawa sawa," akasema.

"Nilisema sawa sawa ya kwetu. Nilikuonyesha kijani, kule kushoto."

"Kushoto kulikuwa na mbuzi! Nilidhani unanionyesha mbuzi!" Alitaka kucheka, akashindwa, machozi yakamtoka. "Kabula, mimi nilidhani umeona mimi ni mzito, umechoka na mimi, umekimbia."

Iliniuma. Nikaketi kwenye mawe kando yake, nikamweleza yote, vidole vya Khan na dole gumba langu. Akasikiliza. Mwishoni akanipiga kofi la bega, kofi lililoshiba, nikajua nimesamehewa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Nikamwambia tushuke, basi lisije likatuacha, na madam anangoja. Nikamuuliza pia ilikuwaje muda wote ule awe kona ya tatu tu.

"Nikianguka, narudi nyuma mpaka pale nilikuwa nimekaa vizuri, naanza tena," akasema. "Sijakokota hata hatua moja. Kwenda mbele nakanyaga tu. Sasa wewe unataka mimi nishuke?"

Kwa kurudia rudia kona hizo tatu alikuwa ameshakanyaga kama mlima mzima. Nikarudisha mnyororo mahali pake.

Kutoka pale tulikwenda wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Mara moja alipoyumba nikanyoosha mkono kumshika kiti. "Usinishike!" akafoka, nami nikarudisha mkono kama mtoto aliyepigwa. Alianguka mara nyingine. Akarudi chini, nami nikarudi naye, tukaanza upya. Kona ya mwisho aliipita anaguna kama mama anayejifungua, na tairi la mbele likafika juu likiwa linazunguka.

Alivua kofia. Akalitazama lile bwawa.

"Banange," akasema taratibu, jamani ya kwao. "Mimi huyu."

Tukakumbatiana tukalia, sitaki kuficha.

Lasiri, kurudi. Tulishuka tumeshika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Khan alituona tunakuja wawili, akaviinua vile vidole vyake juu. Basi tulilikuta linawasha injini. Al Baraha, madam alifungua geti, akaliona goti, akauliza kulikoni. "Jabal, madam," Nalongo akajibu, yaani mlima, akapita ndani anachechemea kama askari aliyeshinda vita.

Jumapili asubuhi, uwanja wa ndege. Nilichojifunza Hatta ni kidogo lakini ni changu: neno unalolijua tangu utotoni ndilo unalopaswa kuliuliza mara mbili. Na mtu mzito si lazima awe nyuma yako. Huenda anapanda mlima huo huo mara nyingi kuliko wewe.

Nalongo alikuwa na sanduku moja na bandeji gotini. Alikataa kuitoa, anataka pacha wake waione. Tulipofika pale wasiosafiri wanapoishia, nikamkabidhi sanduku lake.

"Sawa sawa, Nalongo," nikasema.

Akageuka. "Ya kwenu ama ya Khan?"

Nikaviinua vidole vyangu viwili, nikavibandika ubavu kwa ubavu.