Salamu Ndani ya Eksteno

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Bariadi, mtoto amelala mgongoni. Mbele yangu mama mmoja wa Mwandoya alifungua kanga akatoa eksteno, ile diski ndogo ya kuhifadhia video.

"Televisheni yangu haiisomi. Humo yumo marehemu baba, na sina video nyingine."

"Mfumo wake wa mafaili haupatani na televisheni, mama. Nikiifomati itasoma, ila vyote vitafutika. Kwanza nakopi kwenye kompyuta."

"Usifute kabla sijamwona. Akipotea utamfufua wewe?"

Fundi alikopi, akafungua ile nakala. Mzee akatokea kando ya ng'ombe wake katika vumbi la jioni, akatutazama.

"Mwadila!" akatusalimu kwa Kisukuma.

Mama yule akapiga goti kama msichana. "Mwadila, baba."

Sisi wengine tuliokuwa tukisubiri zamu tukajikuta tunaitikia pia, polepole, kama tulio usingizini. Fundi akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Bado anaongea," alisema.

Tulimsikiliza mpaka mwisho, ndipo fundi akafomati na kuirudisha video. Kabla ya kufuta, kompyuta iliuliza tu kama ana uhakika. Haikuuliza kama tumeshaagana.