Kichwa cha Mbuta Siku ya Fainali

Haya, chekeni mmalize, maana hata mimi nikikumbuka siku ile natamani kuingia ndani ya sufuria nijifunike. Mpaka siku hiyo nilijua kumvunja mtu moyo ni kazi ya mdomo: unamwambia hawezi, naye analegea. Na mdomo wangu haukuwa na kosa lolote (muulizeni yeyote wa mtaa wetu wa Manyatta aliyekuwa uwanjani).

Timu yetu ya watu wa bodaboda ilikuwa inacheza fainali na timu ya Sondu, mume wangu Baba Achieng akiwa golikipa, na mimi nikiwa mpishi wa chakula cha ushindi, samaki mbuta mkubwa ambaye kichwa chake, kwa desturi ya timu yetu, ni cha golikipa. Mapumziko yakafika tumefungwa bao moja tu. Nikaangalia juu, wingu limetanda upande wa ziwa, nikaangalia wageni wa Sondu, wana njaa, nikajiambia, mvua ikinyesha ugali huu utakuwa uji, si afadhali nianze kupakua? Nikaanza na wageni, maana ndivyo tulivyolelewa, na kocha wao, kwa kuwa ni mzee, nikampa kichwa.

Mchezo ukaendelea, mimi napakua huku napiga kelele, "Twendeni vijana! Bado tuko!" na watu wa Sondu wananiitikia midomo imejaa. Wachezaji wetu wakawa wanageukageuka kutazama sahani. Bao la pili lilimpita Baba Achieng macho yakiwa kwa kocha wa Sondu na kile kichwa, na la tatu, kusema kweli, hakulirukia.

Firimbi ya mwisho ikalia na hakuna tone lililoanguka (wingu lilikuwa limejiendea zake Awasi). Kapteni wetu akaja mpaka kwenye sufuria, watu wote wanasikiliza.

"Yawa, Mama Achieng! Hii ni chakula ya kushinda, na unapea Sondu sisi tukiwa bado tunacheza? Umetuvunja moyo kabisa."

"Lakini si nilikuwa nawashangilia?"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nimesimama na mwiko mkononi sijui niuweke wapi.

Nyumbani Baba Achieng alikula ugali na sukuma wiki. Alipomaliza kunawa akasema polepole, "Kama wewe ulikuwa umeshapakua, mimi ningedaka ya nini?"

Hilo liliniuma kuliko kicheko chote cha uwanjani. Siku hizi timu ikicheza naweka jiwe juu ya kifuniko mpaka firimbi ya mwisho, mvua inyeshe isinyeshe. Mgeni akilia njaa, nampa maji.