Taiga wa Anko

Mwaka tisini na saba nilikuwa mpakia mizigo katika ghala la mablanketi huko Mobeni, mjini Durban, na nilikuwa nimeshawaaminisha wenzangu wote kwamba mimi ni mvuvi. Waliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Tanzania, kando ya Ziwa Victoria. Wakauliza, kwa hiyo unavua? Ningewaambia nini, kwamba baba alikuwa fundi cherehani na samaki tulimnunua sokoni kama watu wengine? Nikasema navua tangu utotoni. Kuanzia hapo nikawa naongeza kidogo kidogo, kila chakula cha mchana, mpaka nikawa nimewahi kupinduliwa na kiboko na kuogelea hadi ufukweni na wavu mdomoni.

Aliyeniamini zaidi ni msimamizi wetu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Durban, ambaye ghala zima tulimwita Anko. Kila Septemba Anko alikwenda kaskazini, kwenye bwawa la Jozini, maji mapana kama ziwa, kumtafuta taiga. Huyo ni samaki mwenye milia na meno ya kutisha. Usipoweka waya mbele ya ndoana, anakata mshipi na kwenda zake. Wadogo Anko alishawapata. Alichotaka ni mkubwa mmoja, wa kujaza mikono miwili, na miaka tisa alikuwa amerudi bila yeye. Safari hiyo ilikuwa ya mwisho: Desemba alikuwa anastaafu na kuhamia kwa binti yake, mbali na huko, na goti lake lilikuwa limechoka na boti.

"Mara hii nakwenda na mtu wa ziwa," alisema.

Nilitamani niugue. Badala yake nikamwomba kinyozi mmoja Mkongo, mtu wa Uvira niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja kule mtaa wa Point, anisindikize. Alikuwa na kamera, na kwao pia kuna ziwa, nikatumaini anajua kitu.

"Miye niko coiffeur, ndugu," alinijibu. "Samaki mi najua ni ile iko kwa sahani."

Akaja hata hivyo.

Njiani Anko alieleza mara tatu kwamba samaki tutampiga picha, kisha tutamrudisha majini. Niliitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Moyoni nilielewa vizuri kabisa: wadogo hurudishwa ili wakue. Mkubwa arudishwe kwa kosa gani?

Siku mbili hatukupata kitu. Nilitoa ushauri kuhusu upepo, nikatazama mawingu huku nimefumba jicho moja, na mara moja nilichota maji ya bwawa kwa kiganja, nikayaonja, nikatikisa kichwa. Mpaka leo sijui nilikuwa natafuta nini humo. Anko akahamisha boti.

Asubuhi ya siku ya tatu ufito wake wa kuvulia ulijipinda. Mzee alipambana na yule samaki akiwa amepiga goti, lile lile bovu, huku akicheka na kumwita marehemu mama yake. "Wavu! Mtu wa ziwa, wavu!" Nikamwingiza wavuni, nikamvutia ndani. Alikuwa mkubwa kweli, na alianza kurukaruka kati ya miguu yetu, mdomo wazi.

Hapo nikakumbuka kitu pekee nilichowahi kujifunza kuhusu samaki aliye hai. Mama mdogo alikuwa akinunua kambare mzima, na kambare akitaka kuchomoka kwenye karai, alimpiga utosini kwa mchi, pigo moja. Nikashika kasia. Pigo moja. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Nikamwinua juu, nikachekelea, na kinyozi akapiga picha.

Anko alimchukua mikononi mwangu taratibu. Akainama ukingoni mwa boti, akamtia majini akiwa amemshika mkia, akawa anampeleka mbele na kumrudisha nyuma, mbele na nyuma, kwa muda mrefu.

"Usihangaike, Anko," nikamwambia. "Tutamwosha nchi kavu."

"Nyamaza, ndugu," kinyozi alininong'oneza. "Anatafuta kumurudishia roho."

Ndipo nikaelewa, na kwa aibu nilitamani kiboko wa hadithi zangu atokee kweli. Anko alipomwachia, samaki aligeuka tumbo juu, akaelea kando yetu. Mzee hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nikamweleza yote, kuhusu cherehani na samaki wa sokoni. Akasema alianza kunishuku pale nilipoonja maji, ila miaka tisa ni mingi, na alihitaji kumwamini mtu.

Desemba, siku tuliyomuaga, alinipa ile picha, aliyokuwa amepewa na kinyozi. "Kaa nayo," alisema. "Wewe ndiye uliyefurahi."

Ninayo ukutani. Mimi na taiga tuko katikati, tunashindana kwa meno. Pembeni Anko amenyoosha mikono yake miwili kuelekea kwangu. Wageni huniuliza kama yule mzee alikuwa ananipongeza. Huwa nasema ndiyo.