Mtunza ukumbi aliyeiketisha kamati kitandani ili isikie besi

Saa kumi jioni ya Jumamosi, Tadea Ndunguru ameketi kwenye kitanda kisicho chake. Amevua kandambili, amefumba macho, na sikio la kulia amelibandika ukutani. Upande wa pili wa uchochoro, bendi ya Asante Kahawa Jazz inajaribu vyombo.

Mwenye kitanda na nyumba hii ya wageni, Mansuetus Kapinga, amesimama mlangoni akichezea funguo.

"Nathaniel!" Tadea anapaza sauti dirishani, akimwita kiongozi wa bendi. "Besi bado inaingia! Geuza hiyo spika itazame sokoni!"

"Dada Tadea, mimi mbona sisikii kitu," anasema Mansuetus.

"Wewe umeshazoea. Mgeni anayetoka Songea hajazoea. Hebu nyamaza kidogo nisikilize."

Msomaji asidhani kwamba mwanamke huyu ni mfanyakazi wa nyumba hii ya wageni. Yeye ni mtunza ukumbi wa jirani, ambamo dansi hupigwa kila Jumamosi hapa Mbinga mjini. Miaka miwili iliyopita, yeye na Mansuetus walikuwa hawapeani mkono hata kanisani, padri akisema takianeni amani. Leo anaingia chumba namba nne kama kwake, tena kwa sharti la Halmashauri.

Kazi hii ya kusikiliza si mzaha. Kibali cha ukumbi kinasema waziwazi kwamba malalamiko matatu yakithibitishwa ndani ya mwaka mmoja, dansi basi. Bendi itahama, ghala litauzwa, na Tadea atarudi kwao Matiri na ufagio wake.

Ndiyo, ghala. Ukumbi huu ulijengwa kuwa ghala la kahawa la chama cha msingi cha wakulima, na Tadea, ambaye sasa ana miaka 48, aliajiriwa akiwa binti kulifagia na kuchambua kahawa. Siku hizo magunia yalipanda hadi kwenye kenchi za paa. Kisha biashara ya kahawa ikafanywa huria. Wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani zao, wakalipa taslimu, na wakulima waliochoka kungoja malipo wakawafuata.

"Siwalaumu. Hata kaka zangu waliwauzia," anasema. "Lakini ghala likabaki tupu. Nikawa nafagia vumbi, leo vumbi, kesho vumbi. Nikajua siku yoyote wataniambia, mama, kwaheri."

Mama huyu hakungoja kwaheri hiyo. Nyuma ya soko kulikuwa na bendi ya vijana wanne iliyofanya mazoezi chini ya turubai, mvua ikinyesha wanakimbia. Tadea akawaendea viongozi wa chama, akawaomba wawapangishe vijana wale ghala kila Jumamosi. Viongozi walicheka sana, kisha wakakubali, maana ghala lenyewe lilikuwa halizai kitu.

Yeye ndiye aliyefagia, akapanga mabenchi na kukata tiketi mlangoni. Bado anafanya yote hayo kwa mshahara wa shilingi elfu thelathini na tano kwa mwezi. Kwa mshahara huo na shamba dogo la mahindi amesomesha watoto watatu, mmoja wao mwalimu. Ukimtajia habari za mtoto huyo, jiandae kukaa.

Leo watu huja kutoka Mpepai na Matiri kwa miguu na kwa malori. Wapo manesi, makarani na walimu waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, ambao bila Jumamosi hii wangelala saa mbili.

"Disko la kaseti lipo, lakini kaseti haikujui jina," anasema Nathaniel, kiongozi wa bendi na mpiga gitaa la solo. "Sisi tukikuona umeingia, tunakutaja. Ukitoka hapo unatembea umeinua kichwa wiki nzima."

Balaa lilikuja na matofali. Mansuetus, ambaye kununua kahawa kulikuwa kumemnyookea, alipata kiwanja halali ubavuni mwa ukumbi, akajenga nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Wageni wakakosa usingizi, wakaanza kuondoka asubuhi wamenuna, na yeye akalalamika. Ikatoka amri kwamba muziki wote ukome saa kumi na mbili jioni.

"Dansi linaloisha saa kumi na mbili ni la nani? La kuku?" anauliza Tadea, na hasira ya siku ile bado ni mbichi.

Nathaniel alianza kuulizia ukumbi Songea. Mnunuzi mwingine wa kahawa akaonekana akilizunguka ghala, akilipima kwa macho.

Tadea akapata wazo, na wazo lenyewe likamtia aibu ambayo mji mzima unaisimulia mpaka leo. Aliona kwamba sauti ikizuiwa na kitu kinene itakufa. Kitu kinene na rahisi kilichokuwapo ni pumba za mahindi. Wakajaza magunia, wakayapanga ukutani mpaka juu. Jumamosi ya pili, katikati ya dansi, nguruwe wawili wa jirani mwingine walifuata harufu, wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakaubomoa ukuta wa pumba bendi ikiwa jukwaani.

"Watu walidhani ni mtindo mpya wa kucheza," anasema, akicheka mpaka anafuta machozi. "Mimi nilikuwa nimejificha kwenye chumba cha tiketi. Sikutaka kuona."

Baada ya nguruwe, ikabaki njia moja, kusema mbele ya watu. Suala lilipofikishwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, Tadea aliomba nafasi.

Kwa asiyeijua nchi hii, milima ya Umatengo hulimwa kwa ngolo, yaani mashimo yanayochimbwa safu kwa safu mteremkoni ili yakamate maji ya mvua. Wajumbe wote walikuwa na ngolo zao, na Tadea alilijua hilo.

"Niliwaambia, wazee wangu, shikamooni. Mtu akifungua shamba jipya juu ya shamba la mwenzake, nani anakinga maji yasiharibu ngolo za chini? Aliyekuja baadaye, au aliyekutwa? Wakajibu wote, aliyekuja baadaye! Nikasema, basi, ndugu yangu Mansuetus alitukuta."

Walimpigia makofi. Lakini Mansuetus naye si mtu wa kukaa kimya.

"Nilisimama nikasema, dada, maji nayaona, nayachimbia mfereji," anakumbuka. "Hii sauti nitaichimbia wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Aliyelijibu ni bwana ardhi wa Halmashauri, Praygod Lyimo, kijana aliyeletwa huku kutoka Kilimanjaro.

"Kwetu tuna mifereji, na ugomvi wa mfereji hauamuliwi ukiwa umekaa," anaeleza. "Unayafuata maji mpaka ujue yanatokea wapi. Nikawaambia, twendeni tukaifuate sauti."

Ndivyo kamati ilivyojikuta chumba namba nne Jumamosi iliyofuata, diwani na wajumbe wamebanana kitandani kama wanakwaya, bendi ikipiga. Waliyoyagundua hayakumpendeza yeyote. Mlango wa nyuma wa ghala, ule mpana wa kushushia magunia, ulikuwa unatazama vyumba vya wageni. Na madirisha ya wageni yalikuwa na wavu tu, hayana vioo.

Uamuzi ukagawa mzigo. Ukumbi uliziba mlango wa nyuma kwa matofali. Mansuetus aliweka vioo na kujenga ukuta wa uani. Muziki ukaruhusiwa hadi saa sita usiku kila Jumamosi, mradi mtunza ukumbi aende kwanza kusikiliza akiwa chumbani kwa jirani. Na baraza la madiwani likapitisha sheria ndogo kwamba ukumbi uandikwe kwenye ramani ya mji kuwa mahali pa muziki, na kila anayeomba kujenga karibu nao aambiwe mapema kwamba kinga ni juu yake.

Praygod alimwita ofisini akamwonyesha ramani hiyo.

"Nikaona soko, nikaona kanisa, nikaona hospitali. Halafu nikaona jengo letu, limepakwa rangi kama wenzake," anasema Tadea. "Nililia pale pale. Miaka yote nimefagia lile jengo, sikujua kama serikali inaweza kuliona."



Na Mansuetus? "Jumamosi sina chumba," anasema bila kujizuia kutabasamu. "Wanaotoka mbali wakimaliza kucheza wanalala kwangu. Ila asidhani nimesahau wale nguruwe."

Hakuna lalamiko hata moja lililothibitishwa tangu kibali kitoke. Lakini Tadea ana safari mbele yake. Mwezi uliopita alipanda huku kumwomba msaada mwanamke mmoja kutoka Mbamba Bay, Zita, muuza dagaa wa usipa na kiongozi wa kikundi cha kioda, ngoma ya kina mama wa Ziwa Nyasa. Uwanja wao, ambao wanaume nao huchezea ngoma yao ya mganda na kualika vikundi vya vijiji vingine, umeanza kupimwa. Kwenye mchoro wa awali wa ramani umekatwa viwanja vya nyumba za wageni.

Praygod amewaeleza kwamba mchoro wa awali huachwa wazi ofisini ili wananchi waupinge au waukubali, na kwamba tatizo ni watu kutokwenda. Basi Jumatatu Tadea anateremka ziwani. Atalala kwa Zita, na Jumanne wataingia ofisini pamoja na kikundi kizima, na ngoma zao.

"Mimi niliamka matofali yamekwishapanda," anasema, akivaa kandambili zake. "Kule bado ni mchanga mtupu. Sitaki wakaombe warudishiwe uwanja. Nataka ramani iwakute wanacheza."