Siku Niliyokataa Kula kwa Baba Mdogo

Jirani yangu hapa Gitega hukaanga ndagala, dagaa wa kwetu, kwa mawese kila Jumatano, na kila Jumatano mimi hufunga dirisha. Si kwamba harufu ni mbaya. Ndagala wakishakauka vizuri, wakatiwa kitunguu na nyanya, hata aliyeshiba hugeuza shingo. Nafunga kwa sababu harufu ile hunirudisha Muyinga, kwenye nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Waswahili, mezani pa baba mdogo wangu Fideli. Nina miaka kumi, nimeshika tonge, na najiuliza kama tonge hilo litaniua.

Baba mdogo alizaliwa kambini Tanzania, kama sisi watoto wote wa ukoo ule. Tuliporudi Burundi wenzake walishika jembe kule kwetu Bukirasazi. Yeye alilima msimu mmoja, akavuna malengelenge, akaenda zake Kobero mpakani. Huko akawa anawajazia madereva wa malori karatasi za forodha, maana Kifaransa chake kilikuwa safi na mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu wangu. Alipanga nyumba Muyinga mjini, akaomba apewe mimi nikasome huko. Bibi, mama yake, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani tangu babu afie kambini. Alikubali haraka mno, nami nikashangaa.

Nilielewa usiku wa kufunga begi. Bibi alinivuta jikoni, akanipa rozari ya plastiki na kazi ya pili mbali na shule. "Mwana wanje, mwanangu, kaa umwangalie. Anasali wapi, anasali vipi. Ukija likizo utaniambia." Baba mdogo alikuwa ameacha kupokea komunyo. Alipokuja Bukirasazi alikwenda misa kama kawaida, akaimba besi hadi mabenchi yakatetemeka, lakini watu walipopanga mstari kwenda altareni yeye alibaki ameketi, mikono magotini. Bibi alikuwa amewauliza hata wanawake wa sokoni kama mwanawe amesilimu. Mmoja akamwambia alimwona kweli siku ya Idi, anakula biriani na majirani. Mwingine akasema, hapana, hao wanaokula kote ni wapelelezi.

Kwa hiyo nilifika Muyinga nikiwa na macho mawili na masikio mawili, vyote vya Bibi.

Wiki ya kwanza tu nilikuwa na habari za kumtosha. Alfajiri baba mdogo alitoka uani, akaelekea mashariki, akasimama kimya huku midomo ikicheza. Mchana wa Jumapili alisimama tena, safari hii ameelekea kusini. Jua lilipozama aligeukia magharibi. Majirani zetu Waislamu walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza kibla. Aliniambia kuna mara ya nne usiku, ila hiyo sikuwahi kuiona, nililala kama gogo na Bibi alinilaumu sana kwa hilo.

Nilimuuliza hiyo ni dini gani. Hakuficha, na kutoficha kwake ndiko kulikonitia shaka zaidi, kwa sababu niliamini watu wabaya wana ujanja wa aina hiyo. Alisema inaitwa Thelema, neno la Kigiriki lenye maana ya nia. Aliikuta kwenye kompyuta za kukodi pale mjini, akaandikiana na watu wa mbali kwa Kifaransa, wakamtumia vitabu. Akanieleza kwa subira ileile ya kujazia watu fomu: kila mtu amekuja duniani na nia moja iliyo chini ya tamaa zake zote, kazi yake ni kuitafuta na kuitenda, na hana ruhusa ya kumzibia mwingine njia ya nia yake. Nikamuuliza, na Mungu? Akasema Mungu wa Bibi hajamkataa, wala wa majirani, ila yeye kila akimtafuta humkuta mahali asipomtarajia, kwa hiyo ameacha kumpangia mlango wa kuingilia. Na jua? Jua yeye haliabudu, analisalimia tu, kama unavyomsalimia mtoto wa mtu unayemheshimu. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa, nikayakariri yote kwa ajili ya Bibi.

Kulikuwa na daftari pia. Kila siku aliandika humo, na siku aliyolisahau kitandani nililifungua. Nilitegemea damu. Nikakuta: "Nimemkasirikia dereva bure." Nikakuta: "Jua la asubuhi, nimechelewa." Halafu nikakuta jina langu: "Spesi hataki kufua soksi zake. Nimwache anuke mpaka mwenyewe atake." Mngedhani ningecheka. Sikucheka hata kidogo, kwa sababu shuleni kila mtoto alijua kwamba matajiri wa mpakani huandika majina ya ndugu zao mahali, na ndugu hao hufa mmoja mmoja, gari la mwenye nyumba likizidi kuwa jipya. Baba mdogo hakuwa na gari. Nilisema moyoni, basi ndiyo anaanza.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa la mezani. Nyumbani Bukirasazi tulifanya ishara ya msalaba, tukala. Kwa baba mdogo chakula kilipowekwa aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, akaniangalia, akauliza: "Spesi, unataka kula?" Nikisema nataka, anauliza: "Ule kwa nini?" Ilinibidi nitafute sababu. Nipate nguvu ya kukimbia. Nisisinzie kwenye hesabu. Siku moja nilisema kwa sababu ni ndagala, akakubali pia, akasema hiyo ni sababu safi kabisa. Ndipo tulipokula. Ninyi mnaotoka kwetu mnajua kwa nini jambo hilo lilinitoa jasho. Sisi ni watu ambao mwenyeji huonja kinywaji kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe, ili mgeni aone hakuna kitu ndani. Sahani iliyosemewa maneno tusiyoyajua haiendi kinywani. Nami nilikuwa nasemeshwa juu ya sahani mara mbili kwa siku, na najibu, na ninakula, kwa sababu njaa ya Muyinga haikuwa ndogo kuliko njaa ya Bukirasazi. Chini ya meza nilichora msalaba sakafuni kwa kidole gumba cha mguu.

Likizo ya Pasaka nilimmwagia Bibi yote. Alisikiliza bila kupepesa, akaniuliza swali moja tu: akikuuliza juu ya chakula, wewe unamjibu? Nilimwona alivyokaza mkono kwenye kanga. Nikasema hapana, sijawahi kumjibu hata siku moja. Akashusha pumzi, akaniambia niendelee hivyohivyo, maana anayejibu ndiye anayejifunga. Sikulala vizuri kwa juma zima, nikihesabu majibu niliyokwisha kutoa.

Sasa niwaambie habari ya Zaituni. Alikuwa binti wa Mzee Ramadhani, fundi cherehani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na sauti nzito kidogo kwa msichana na kicheko kinachoanzia puani, na baba mdogo alikuwa amepeleka suruali zote alizokuwa nazo zikapunguzwe, hata zile zilizokwisha kupunguzwa. Walipendana waziwazi. Mzee Ramadhani hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema binti yake haolewi ila na Mwislamu, hilo halina mjadala. Baba mdogo akajibu kwamba kutamka Mungu ni mmoja anaweza, na atatamka kwa moyo mweupe, lakini hatadanganya kwamba ataacha kusimama uani asubuhi. Mzee aliwaza siku nyingi. Mwishowe akasema hataki maneno tena. Atakuja ale kwa huyu kijana, aone anavyoishi, na baada ya kula atatoa jibu. Akataka na mama mtu awepo. Bibi akapanda gari kutoka Bukirasazi, uso umefungwa kama mlango wa ghala.

Baba mdogo alinunua mbuzi, Mzee akamtuma mpwa wake amchinje kwa Bismillahi ili kila mtu aweze kula. Mkeka ulitandikwa, sinia moja kubwa la wali na nyama likawekwa katikati, kuwaheshimu wageni ambao hula pamoja. Tulikuwa wanne kulizunguka, Mzee, Bibi, baba mdogo na mimi. Zaituni alikuwa kwao, anasubiri. Baba mdogo alifungua Fanta, akaionja kila chupa kidogo kwanza, akawapa. Alikuwa amenyoa vizuri.

Bibi akafanya ishara ya msalaba, taratibu kuliko kawaida yake, ili ionekane. Mzee akasema Bismillahi. Hapo ningekuwa mimi ningenyamaza, na ninyi mngenyamaza. Lakini baba mdogo alikuwa ameahidi hatadanganya namna anavyoishi, na mtu huyu alikuwa amekuja kuona namna anavyoishi. Akagonga ukingo wa sinia mara moja, polepole. Hakuwauliza wazee, asingewakosea adabu hivyo. Akanigeukia mimi, mwenzake wa kila siku. "Spesi, unataka kula?"

Bibi aligeuza shingo akanitazama.

Nikijibu nataka, nimejulikana kwamba namjibu, na pengine nimemjibu miezi yote hiyo, na nimemdanganya Bibi wakati wa Pasaka. Niliona mkono wangu ukiwa karibu kabisa na wali. Niliurudisha, nikauficha chini ya paja. Nikasema, "Sitaki."

Mkono wa Mzee ulikuwa umekwisha kukunja tonge. Ulisimama. Mtoto wa nyumba, anayelala humo, anayejua kinachoingia chunguni, amekataa kula mbele ya wageni. Kwetu hakuna ushahidi unaopita huo. Bibi naye alivuta mkono wake, na nikaona kwamba sasa anaogopa kweli, si kama alivyoogopa akiwa kwake.

Baba mdogo alinitazama. Alikuwa na neno moja tu la kusema: kula. Mtu mzima yeyote wa ukoo wetu angelisema, na baada ya neno kingefuata kibao, nami ningekula mbio, na wageni wangecheka kwamba watoto wa siku hizi wanadeka. Nilingoja hicho kibao. Kwa kweli nilikitamani.

"Basi hataki," alisema. "Asile."

Akachota wali yeye mwenyewe, akala tonge kubwa mbele ya Mzee, kisha la pili. Halikusaidia kitu. Mzee Ramadhani alilirudisha tonge lake kwenye sinia kwa adabu, akafuta vidole kwa leso.

"Bon. Mi siko na neno mubaya na we, Fideli. Lakini mutoto wa hii nyumba amekataa kula. Mi ntaenda kumwambia mama yake Zaituni nini?"

Akaaga. Hakukasirika, akamsalimu Bibi vizuri tu, akavaa viatu. Zaituni aliolewa mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Gashoho, mwenye duka la vitenge. Mimi nilirudishwa Bukirasazi kesho yake, nimeshikwa mkono na Bibi kama mtoto aliyetolewa kwenye moto, na katekista akaja kuniombea. Kwa muda mrefu nilijiona nimeokoka. Niliwasimulia wenzangu shuleni, na kila niliposimulia nyama ya mbuzi ilizidi kuwa nyeusi.

Nilipokua nilisoma mambo mengine ya dini hiyo ya nia, na mengi sikuyapenda. Sitaki mdhani ninaitetea. Hadi leo mtu akisema juu ya chakula maneno nisiyoyajua, mate hukauka mdomoni, na Bibi alikufa akiamini kwamba alinitoa kwenye mikono mibaya. Sikumwambia kwamba nilikuwa namjibu baba mdogo. Sikumwambia kwamba kwa miezi yote ile nilinenepa.

Baba mdogo bado yuko Kobero. Hakuoa. Mwaka juzi nilikwenda kumwona, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, malori yamepanga foleni hadi kilimani, na mimi mama wa watoto wawili nikaanza kulia kabla sijasema kilichonileta. Nilimwomba msamaha. Kisha nikamuuliza, kwa hasira ambayo sikujua ninayo, kwa nini hakuniambia nile. Nilikuwa mtoto. Neno moja lingetosha, Zaituni angekuwa mke wake leo.

Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi.

"Si ulisema hutaki?"

Nimelelewa na watu wengi walionipenda, na kila mmoja wao alinilazimisha jambo kwa faida yangu au yake. Yeye tu, niliyekuwa nimepewa kazi ya kumchunguza, ndiye aliyeliheshimu neno langu, siku ambayo neno hilo lilimnyang'anya mke.